Kiti Kilichoinama Upande wa Abiria

Kwenye chama cha wenye magari ya zamani kila mwanachama alikuwa na gari, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye waliyemwogopa kuliko wote. Walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina alilipata kwa sababu ya ulimi wake, ambao haukumbagua mtu kwa cheo wala kwa umri. Mwenyekiti wa chama alikuwa daktari wa meno, mtu aliyezoea kuwaamuru wenzake wafungue midomo, lakini mbele ya Shangazi alifunga wa kwake.

Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Aliirithi kwa baba yake, pamoja na karakana: chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande mmoja tu, cherehani nzito ya kushonea ngozi, meza iliyokatwakatwa na visu vya miaka hamsini, na magunia ya makumbi na manyoya ya farasi ya kujazia viti, yaliyorundikwa hadi karibu na dari. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, na watu walipojitia kumsikitikia aliwaambia wamwache afanye kazi. Akiwa na umri wa miaka kumi na miwili binti aliweza kufunga springi za kiti kizima bila kusimamiwa. Baadaye aliolewa, akazaa mabinti wawili, akawasomesha, akafiwa na mume, na muda wote huo cherehani haikunyamaza zaidi ya juma moja. Maisha yake yote alikaa kwenye magari ya watu, na kuendesha hakujua. Walipomuuliza kwa nini hajifunzi, aliwajibu kwamba yeye kazi yake ni makalio yao, mambo ya kwenda watajua wenyewe.

Chama kilikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye ua wa kiwanda cha unga kilichofungwa zamani. Magari yalipangwa kwa safu, maboneti yamefunguliwa, na watu wazima wenye kazi zao na heshima zao walisimama mikono nyuma wakiangalia kabureta kwa saa nzima bila kuchoka. Mtu wa nje angewaona wehu. Mara moja kwa mwaka ulikuwepo mkutano mkubwa, na hapo ndipo utani ulipokwisha. Wakaguzi watatu walipita na fomu: mmoja wa injini, mmoja wa bodi na rangi, na wa tatu wa viti. Sheria ilikuwa moja tu, na waliishika kama kiapo: kila kitu kiwe kama gari lilivyotoka kiwandani. Nati ikiwa ngeni, unapunguziwa. Taa ikiwa ya gari jingine, unapunguziwa. Mkaguzi wa viti alikuwa Shangazi, bila shaka. Alitembea na sindano ndefu ya kufumia, akaichomeka polepole kwenye mshono wa kiti, akasikilizia kwa vidole kilichomo ndani. Akigusa sponji ya kisasa, hakubembeleza mtu.

"Hili godoro," alimwambia mwenye gari. "Kalilalie nyumbani."

Katika miaka yote hiyo, gari moja lilimkosesha raha. Lilikuwa gari dogo la milango miwili, rangi ya kijani kibichi iliyopauka, mali ya katibu wa chama. Katibu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kupita kiasi. Aliandika mahudhurio ya kila Jumapili kwenye daftari gumu kama vile bado anaita majina ya darasa. Injini ya gari lake ilikohoa kidogo lakini ilikuwa safi. Bodi ilipita. Kiti cha dereva sasa, hicho kilikuwa aibu. Kilikuwa kimezama upande mmoja, upande wa abiria, kiasi kwamba mwalimu akikaa alionekana kama mtu anayetaka kumnong'oneza jambo mwenzake. Na mwenzake alikuwa mkewe siku zote. Wote walimwita Mama Mwalimu. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya kuona miaka ishirini nyuma, na kwenye mikutano alibaki ndani ya gari, mlango wazi, akipokea salamu na kuwatambua watu kwa sauti.

Kila mwaka Shangazi alikipunguzia alama kile kiti, na kila mwaka alimwomba mwalimu.

"Niletee siku mbili tu. Nakufanyia mwenyewe, sitaki chochote. Kinaniumiza macho."

"Kiache hivyo hivyo, Shangazi."

"Kitakuharibu mgongo."

"Mgongo wangu haujalalamika. Wewe nipunguzie alama, ni haki yako. Kiti kiache."

Alisema hivyo akitabasamu na kukwepesha macho, kama mwanafunzi aliyeficha kitu mfukoni. Shangazi alimhesabu kuwa mwenye kichwa kigumu, akaendelea kumpenda hivyo hivyo, maana mwalimu alikuwa mtu pekee pale chamani aliyemkatalia jambo bila kupandisha sauti.

Mwalimu alifariki asubuhi moja akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa imefungwa, ya kulia bado. Chama kizima kilikwenda kuzika, na kule makaburini Mama Mwalimu alisimama wima, ameshikwa mkono na binti yake muuguzi, asitoe chozi. Watu walisema amejikaza. Waliomfahamu vizuri walisema bado halijamfikia.

Chama kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akifariki, gari lake linaletwa kwenye mkutano mkubwa unaofuata, linawekwa mbele ya safu, na mjane au mgane hupandishwa humo kuongoza msafara kuzunguka mji. Safari hii mwenyekiti alitaka zaidi ya hapo. Aliwaita wenzake akasema mwalimu amewaandikia majina yao kwa miaka ishirini na mitano, na gari lake halijawahi kupata namba moja hata mara moja. Yafaa wammalizie kazi ambayo yeye hakuimaliza. Hakuna aliyepinga. Walikwenda nyumbani kwa mjane, wakakaa sebuleni wamebana magoti, mwenyekiti akasema, "Mama, tunaomba gari la marehemu. Tunataka kulitengeneza kabla ya mkutano."

"Litengenezeni," alisema Mama Mwalimu. "Mwenyewe alikuwa anasema litaanza kumsumbua."

Yeye alifikiria injini, kile kikohozi. Wao walifikiria kila kitu. Na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu watu wa magari ya zamani wakisikia neno kutengeneza hawaoni kama lina maana mbili.

Walifanya kazi kwa wiki sita, kila mmoja kwa alichokijua, na ilikuwa kazi ya mapenzi, hilo lisemwe wazi. Fundi wa rangi alitafuta kile kijani cha asili mpaka akakipata chini ya kifuniko cha tangi, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Mwenyekiti alisugua vipande vya kromu kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi alivichukua viti vyote vinne akavipeleka karakana, na kile cha dereva akakiweka mezani cha kwanza. Alikuwa amekingoja kwa miaka mingi.

Alikata uzi, akavua ngozi, akaondoa gunia na makumbi yaliyogeuka vumbi. Alipofika kwenye springi alisimama kidogo. Springi tatu za upande wa abiria zilikuwa fupi kuliko nyingine. Aliinama na miwani yake akaziangalia ncha. Chuma kikikatika kwa uchovu kinaacha ncha iliyochongoka na kutu ndani yake. Hizi zilikuwa bapa, safi, na zilikuwa na michirizi ya msumeno.

"Mwalimu," alisema peke yake, "ulikuwa unafikiria nini?"

Alikumbuka mzee alivyokataa, kwa sauti ile ya upole. Alikumbuka na akapuuza. Alijiambia kwamba mzee alijaribu kutengeneza mwenyewe, akaharibu, akaona haya kusema. Fundi wa miaka hamsini anajua kila aina ya uharibifu unaofanywa na wanaume wenye msumeno na mchana mmoja wa nafasi. Alizitupa zile springi kwenye pipa, akaweka mpya, akazifunga kwa kamba ya katani kama baba yake alivyomfundisha, akaweka gunia, makumbi, manyoya, akavuta ngozi mpaka ikalia. Alipomaliza, kiti kilikaa sawa kama meza. Alikipapasa mara mbili. Alifurahi, na hakuona kosa lolote katika kufurahi kwake.

Siku ya mkutano ilikuwa na jua zuri. Gari la mwalimu liliwekwa mbele, likiwaka kijani, na hata watu waliopita njia walisimama kulitazama. Shangazi alikagua viti vya wengine kwanza. Alipofika kwenye gari la mwalimu alimkabidhi fomu mkaguzi wa injini, maana si sawa mtu kujipa alama mwenyewe. Yule akaandika alama zote.

Mama Mwalimu aliletwa na binti yake. Alipitisha mkono juu ya boneti, akasema rangi inateleza vizuri, akawashukuru. Akaingia kwenye kiti chake cha abiria, akakusanya gauni, akafunga mlango. Mwenyekiti, ambaye alipewa heshima ya kuliendesha, akaingia upande wa pili, akawasha. Injini haikukohoa. Watu walipiga makofi, msafara ukaanza kusogea, na Shangazi aliyekuwa amesimama kando ya lango aliona gari likitembea hatua kama ishirini, kisha likasimama ghafla.

Alidhani limezima. Alikwenda haraka kuangalia. Mama Mwalimu alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili, na uso umembadilika.

"Kona," alikuwa akisema. "Umekata kona hukuniambia."

"Samahani, Mama," alisema mwenyekiti, "ni hapo langoni tu."

"Daktari, nisogelee kidogo."

Mwenyekiti alisogea, lakini kiti hakikumpeleka popote. Kilimrudisha katikati. Mama Mwalimu alinyoosha mkono, akapapasa ngozi ya kiti pembeni mwa paja la mwenyekiti bila kujali nani anatazama.

"Shuka kidogo, mwanangu."

Alishuka. Mikono miwili ya mjane ilikizunguka kile kiti chote, mbele, nyuma, upande huu, upande ule, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe jana. Kisha ikatulia.

"Nani amekinyoosha?"

"Mimi, Mama," alisema Shangazi, na hata hapo sauti yake ilikuwa bado na majivuno kidogo, Mungu amsamehe. "Kimerudi kama kilivyotoka kiwandani."

Mama Mwalimu hakusema kwa ukali, na pengine ukali ungekuwa afadhali.

"Macho yalipokwisha, mwanangu, mimi nilikuwa naogopa gari kuliko kitu chochote. Kila kona nilidhani tunaanguka. Kila breki nilidhani tumegonga. Nikamwambia mwalimu, mimi sitoki tena, nenda na mkutano wako, mimi nitakuwa nyumbani. Basi akakaa anafikiria. Siku moja nikasikia anakata chuma uani. Akanipandisha, akakaa, na kiti kikamlaza kwangu. Bega lake likaja kwenye bega langu. Akitaka kukata kona, bega linatangulia. Akitaka kufunga breki, linakaza. Hakuna kitu kilichonishtua tena. Miaka ishirini nilikuwa naiona njia kwa bega lake. Alipokufa nikasema, kiti kipo. Atakayekaa pale, yeyote yule, kitamleta kwangu."

Injini ilikuwa bado inanguruma taratibu, safi kabisa. Binti yake alisema hakujua. Miaka yote alidhani baba ana mgongo mbovu. Akamshika mama yake akampeleka nyumbani, na msafara ukaenda bila gari la mbele.

Shangazi hakwenda na msafara. Alikaa juu ya kreti tupu ukutani, mkoba wa fomu magotini. Hakuweza kusema kwamba hakuambiwa. Aliambiwa kila mwaka, kwa adabu, usoni. Na zile ncha aliziona kwa macho yake mwenyewe, chini ya taa yake mwenyewe, na akachagua kumfanya marehemu mjinga kuliko kwenda kumuuliza mjane swali moja. Hilo ndilo lililomuuma. Mshono uliokosewa unafumuliwa, lakini hili lingefumuliwa vipi?

Alasiri waliporudi, mwenyekiti alisoma matokeo, na gari la mwalimu likawa namba moja. Shangazi aliinuka akaenda mbele.

"Kombe hilo lisitolewe," alisema. "Kiti cha dereva kina kosa."

"Kosa gani?" aliuliza mwenyekiti. "Mwenyewe ulisema kiko kama siku kilipotoka kiwandani."

"Ndiyo kosa lenyewe. Nipe fomu."

Alifuta alama kwa kalamu yake, akaandika sifuri, akaweka sahihi. Hakuna aliyebishana naye. Wengine walitazama viatu vyao, maana kila mmoja alikuwa ametia mkono katika gari lile, na kila mmoja alianza kujiuliza alikuwa amefuta nini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua karakana, alikwenda kwa wenye vyuma chakavu waliochukua taka zake. Alipekua lundo mpaka vidole vikatoka damu. Springi zilikuwa zimekwisha pakiwa na kupelekwa kuyeyushwa. Akaenda hivyo hivyo, na mkoba wa vifaa, mpaka nyumbani kwa Mama Mwalimu. Gari lilikuwa limesharudishwa uani. Mjane alikuwa ameketi barazani.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Shangazi. "Mwalimu aliniambia nikiache. Nikajifanya nakijua kiti chake kuliko yeye."

"Angekwambia sababu ungemwelewa," alisema Mama Mwalimu. "Lakini aliona haya. Mtu mzima, mwalimu, aseme mbele ya watu anataka kukaa karibu na mkewe?" Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika mbali. "Wewe unaweza kukirudisha?"

Shangazi alikuwa amewajibu watu swali hilo kwa miaka hamsini, na jibu lilikuwa ndiyo siku zote.

"Sijui, Mama," alisema. "Nitajaribu."

Walifanya kazi pale pale uani. Binti muuguzi alikuwa na zamu ya mchana, akaitoa asubuhi yake. Yeye ndiye aliyechukua urefu wa baba, na mabega. Shangazi alifumua mshono aliousifu, akatoa msumeno, akakata springi tatu mpya kwa mkono wake. Binti akakaa. Mama Mwalimu, kwenye kiti cha abiria, akasikilizia.

"Bado. Yuko mbali."

Akakata tena kidogo. Binti akakaa.

"Sasa amezidi. Ananilalia kama gunia."

Akaongeza makumbi, akapunguza, akafunga kamba, akaifungua. Mara tatu, mara nne. Hakuna kipimo alichojifunza kwa baba yake kilichomsaidia. Alilazimika kumuuliza mjane kila kitu, na kungoja jibu, na kutii. Jua lilipanda, jasho likamwingia machoni. Mara ya sita binti alipokaa, kiti kilimwinamisha taratibu, na bega lake likafika kwenye bega la mama yake likatulia hapo. Mama Mwalimu akasema, "Washa."

Shangazi aliingia nyuma na mkoba wake. Ngozi ilikuwa bado haijashonwa, imeshikizwa kwa pini tu. Walitoka getini, wakashika barabara ya mtaa. Binti aliendesha kwa uangalifu, macho mbele, na kabla ya kona ya kwanza bega lake likatangulia bila yeye kukusudia. Mama Mwalimu aliegemea pamoja nalo. Mikono yake, iliyokuwa imeshika ubao wa mbele, iliachia mmoja baada ya mwingine, ikaanguka mapajani.

Walikwenda hivyo kona mbili zaidi. Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, kilio ambacho watu walikingoja makaburini na hawakukiona. Binti alitaka kuegesha pembeni. Shangazi naye alinyoosha mkono kutoka nyuma, asijue aushike wapi.

"Siyo yeye," alisema Mama Mwalimu katikati ya kilio. "Siyo yeye. Lakini usisimame."